Doa la Mheshimiwa

Kwetu hatuna ugomvi kuhusu sanaa. Nalisema hili mapema kwa sababu najua kuna nchi, sitaki kuzitaja, ambako watu wawili wanaweza kusimama mbele ya picha moja, huyu akasema nzuri, yule akasema mbaya, na wote wawili wakarudi makwao wakalala usingizi. Sisi mambo hayo tuliyamaliza zamani kwa Sheria ya Neno la Kwanza.

Sheria yenyewe ni fupi na haina madhara. Mbele ya picha, kinyago, chungu, au kitu chochote kilichowekwa ili kitazamwe, hakuna raia anayefungua kinywa mpaka mkubwa aliyepo aseme kwanza. Akishasema, neno lake linaandikwa, linapigwa muhuri, na haliondoki ila aje mkubwa kuliko yeye alifunike kwa neno lake. Akisema nzuri, ni nzuri. Akipiga chafya, tunasubiri amalize, kisha tunaandika kwamba kazi ile inagusa hisia. Kabla ya sheria hii, wazee wanasimulia, maprofesa wawili waligombana kwenye maonyesho ya mikeka mpaka wakavunja kiti cha serikali.

Mimi, Shekue, ni Mwitikiaji Daraja la Pili. Kazi yangu ni kusimama nyuma ya mkubwa, mbali kiasi cha kutomkera na karibu kiasi cha kusikika, na Neno la Kwanza likitoka nasema, "Naam!" Wenzetu wa Daraja la Kwanza husema, "Naam! Hakika!" Nina matumaini ya kupanda.

*

Jumba la Taifa la Sanaa liko chini ya Wizara ya Utamaduni, Uzuri na Mifereji. Wizara hizo ziliunganishwa ili kubana matumizi, na waziri wake, Mheshimiwa Ngwatu Kirumbe, ni mhandisi wa mifereji kwa kusomea na mpenda uzuri kwa kuteuliwa. Paa la Jumba linavuja. Limevuja tangu nilipoajiriwa. Upande wa Mifereji unasema paa ni suala la uzuri, upande wa Uzuri unasema maji ni suala la mifereji, na waziri, ambaye ndiye pande zote mbili, hapendi kuonekana ana upendeleo.

Mwaka mmoja Bi Zumra Kitwana akaruhusiwa kutundika picha. Bi Zumra ni mchoraji wa huko Viungani. Ameishi kwa kuandika majina ya maduka na kuchora kuku wa kuchoma kwenye kuta za migahawa, kuku ambao watu husema ni watamu kuliko wa ndani. Lakini miaka yote hiyo alikuwa na picha moja nyumbani aliyokuwa akiichora kwa ajili yake mwenyewe, juu ya ubao mpana: mama yake marehemu, amekaa kwenye kigoda, anapeta mchele kwa ungo. Aliomba itundikwe kwenye Jumba la Taifa. Maombi yake yalikataliwa na watu waliokuja kustaafu, yakakataliwa na warithi wao, mwishowe yakakubaliwa kwa makosa. Wakati huo macho ya bibi yalikuwa yameanza kuingia ukungu, na daktari alikuwa amemwambia kwa upole kwamba kama kuna kitu anapenda kukitazama, akitazame sasa.

Mimi ndiye niliyemshikia ngazi siku ya kutundika.

"Mwanangu," akaniambia kutoka juu, "unakiona hiki kidole cha shahada?"

"Nakiona, mama."

Nilisema hivyo kwa adabu tu. Macho yangu yalikuwa kwenye vidole vyangu vya miguu, kwa kuwa Neno la Kwanza lilikuwa bado.

"Basi pana chuya, punje yenye ganda lake, imenata pale kwenye ncha. Mama hakuwa mtu wa kuacha chuya kwenye mchele. Akiikamata, anaitazama kwanza, utadhani anamsomea mtu kosa lake, ndipo aitupe. Hiyo chuya ndiyo mama. Watu wapite, wasifie, wasisifie, ni shauri lao. Mtu mmoja tu akiiona hiyo chuya, basi kamwona mama, na mimi nitakuwa nimemaliza."

Nikamwambia Mungu atajalia. Hilo halihitaji idhini.

*

Siku ya ufunguzi lilitandikwa zulia jekundu. Kwa kawaida zulia lile hutoka mlangoni hadi kwenye picha. Bahati mbaya kipande chake kimoja kilikuwa kimeazimwa na sebule moja hapa mjini, sebule ambayo mwenyewe simjui, ingawa niliwahi kunywea chai humo, na waziri ndiye aliyenikaribisha. Kwa hiyo zulia liliishia njiani. Na itifaki yetu iko wazi: mheshimiwa hakanyagi saruji tupu.

Mheshimiwa Kirumbe akatembea, zulia likaisha, akasimama. Akageuka kulia kuutazama ukuta. Picha ya Bi Zumra ilikuwa mbele zaidi, ng'ambo ya saruji. Hapo aliposimama palikuwa na doa la maji ya mvua, kubwa, la kahawia pembeni na la manjano katikati, na chini yake ukungu wa kijani umeota ndevu.

Akalitazama. Tukashikilia pumzi. Wapo wenye roho mbaya wanaosema kwamba mhandisi wa mifereji, katika watu wote, angepaswa kulijua doa la maji. Wanasahau kwamba siku ile alikuja kama mpenda uzuri.

"Ndugu wananchi," akaanza, sauti ikiwa nzito. "Hapa naliona taifa. Naliona lilivyotoka juu, likateremka, likasambaa."

"Naam!"

"Naam! Hakika!"

"Msanii huyu hakukurupuka. Ameiacha rangi ijitafutie njia yenyewe, kama serikali yenu inavyowaacha ninyi mjitafutie."

"Naam!"

Hapo ndipo Bi Zumra alipotoka nyuma ya umati, gauni lake jipya likiwa bado na mikunjo ya dukani, akasema kwa heshima zote, "Samahani, Mheshimiwa. Picha iko huku mbele. Hilo paa linavuja, baba."

 Afisa itifaki akamwinamia sikioni. "Bibi," akamnong'oneza, "Neno la Kwanza limeshatoka. La pili halina pa kuandikwa."

Muhuri ukapigwa.

*

Kazi ya kueleza kwa nini waziri alikuwa sahihi ilipewa Profesa Kalokola, Mfasiri Mkuu wa Maana. Profesa hajawahi kushindwa. Alikesha, na asubuhi doa likawa na jina, *Chozi la Jamhuri*. Kahawia ya pembeni ni mipaka tuliyochorewa na wakoloni, manjano ya katikati ni uhuru, na ukungu ni vijana, ambao ndio taifa la kesho. Kuhusu mchoraji ni nani, Profesa aliandika kwamba ukubwa wa kazi ile uko katika unyenyekevu: msanii amejifuta. Asiyejua maana haambiwi maana, akamalizia, na watu wakaona aibu kuuliza.

Picha ya Bi Zumra iliteremshwa wiki hiyo hiyo. Ilikuwa inaeleweka mno, na jambo hilo lilikuwa linawachanganya wageni.

Sanaa ikashamiri. Wenye nacho wakataka kila mmoja awe na chozi lake sebuleni. Mafundi wa paa, waliokuwa wakikimbizwa na wateja kwa kuacha matundu, sasa wakawa wanabembelezwa waache zaidi, na fundi aliyeziba vizuri akakosa kazi. Chuo cha Sanaa kikahamishia masomo bafuni. Shemeji yangu, ambaye nyumba yake huvuja kila chumba, alitunukiwa cheti kwamba nyumba yake ni makumbusho, kisha akatakiwa ahame, kwa kuwa makumbusho hayalaliwi. Yuko kwangu hadi leo, na kila akila huniuliza kama ninajivunia.

Paa la Jumba likawekewa ulinzi. Kijana mmoja aliyekutwa karibu yake na ndoo ya lami alishtakiwa kwa kukusudia kuangamiza chozi.

*

Kisha likaja jua. Kiangazi cha mwaka ule kilikuwa kikali, na ukuta, ambao haujui sheria, ukaanza kukauka. Mipaka ya wakoloni ikafifia. Vijana wakanyauka wakadondoka sakafuni, mfagizi akawafagia.

Jambo hilo lingevumilika kama si taarifa iliyotoka juu: Mlezi Mkuu wa nchi mwenyewe, pamoja na rais mgeni kutoka ng'ambo, wangekuja kuliona *Chozi* siku ya sikukuu ya taifa.

Waziri akaagiza gari la zimamoto. Wakapiga maji kwenye paa tangu asubuhi mpaka adhuhuri. Maji yakaingia kwa utii, lakini kwa kuwa yalitoka kwenye bomba na si mbinguni, yalipita njia nyingine, na doa lililotokea lilikuwa mbuzi. Lilikuwa mbuzi kamili, hata na ndevu. Profesa Kalokola alilizunguka mara kadhaa, akaketi, akasema mbuzi anaweza kumpatia maana, ila si maana ambayo waziri angeipenda.

Mheshimiwa Kirumbe alikuwa anatokwa na jasho. Nanyi mwelewe hali yake. Waziri ambaye Neno lake la Kwanza limebaki bila kitu chake, huyo ni waziri aliyehutubia chokaa.

Ndipo wakakumbuka kwamba nchi ina mtu anayejua kuchora.

Tulimkuta Bi Zumra barazani kwake. Waziri akavua miwani, akatoa heshima ambayo sikuwahi kumsikia akiitoa kwa mtu asiye na bendera.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Karibuni. Viti ndivyo hivyo."

"Mama, tunasikia unajua kupaka."

"Najua kuchora."

"Basi tuchoree doa, mama. Nchi inakuomba."

Bi Zumra akacheka kidogo, bila furaha. "Nirudishieni kwanza picha ya mama yangu. Itundikeni. Doa nitawapa, hata manne."

Waziri akamtazama Profesa. Profesa akanitazama mimi. Mimi nikatazama vidole vyangu vya miguu. Ubao ule, kwa kuwa ulikuwa mbao nzuri, ulikuwa umepasuliwa kwa msumeno kutengenezwa vibao vya kuongoza wageni. Nikatumwa kuvileta. Kimoja kiliandikwa mgongoni KIMYA, CHOZI LINATAFAKARI. Kingine kilikuwa na mshale wa kuelekeza chooni.

Bi Zumra alikichukua chenye mshale, akakigeuza, akakileta karibu na macho. Ilikuwa nusu ya ungo na kifundo cha mkono. Akakipapasa kwa kidole gumba hadi ukingoni, akachukua kile kingine, akavijaribu kuviunga.

"Kidole kiko wapi?" akauliza.

 Kidole kilikuwa pale msumeno ulipopita.

Bibi wa watu hakulia. Aliviweka vile vibao mapajani, akavifunika kwa upande wa kanga, na waziri akaanza kukohoa. Mimi niliona aibu, na aibu haimo katika orodha ya majukumu yangu.

"Haya," akasema mwisho. "Nitawachorea. Mlango ufungwe, na asiingie mtu mpaka niseme mwenyewe."

*

Jumba likafungwa. Wananchi walitangaziwa kwamba *Chozi* lina mafua. Nikawekwa mlangoni kulinda na kupeleka chai ndani, macho yangu yakiukwepa ukuta.

Mwanzoni nilisikia harufu ya rangi ya mafuta, ile nzito ya kuandikia majina ya maduka, na nikashangaa, kwa kuwa doa la maji sikudhani linahitaji rangi ya namna hiyo, wala nyekundu, wala nyeupe nyingi hivyo. Bibi alichora huku uso wake ukikaribia kugusa ukuta, kwa sababu ya yale macho. Saa nyingine nilimsikia akisema, "Tulia, mama. Kaa vizuri," na mle ndani hapakuwa na mtu mwingine. Kuna siku alisimama akiwa na burashi yenye nywele chache kabisa, akashinda hapo hapo, mahali pamoja, akivuta pumzi kwa shida. Alipotoka aliniambia amechoka kuliko siku zote.

Baadaye rangi ilipokauka, aliniagiza chai ya rangi nzito, isiyo na sukari, sufuria nzima. Akataka na majivu, na udongo mwekundu, na mchicha wa kuponda. Nikampelekea vyote. Sikuuliza. Daraja la Pili haliulizi.

Alipotufungulia, doa lilikuwepo ukutani. Lilikuwa na kahawia yake, manjano yake, mpaka na ukungu wenye ndevu. Profesa Kalokola alitoa leso. "Ni halisi," akasema, "kuliko lilipokuwa halisi." Waziri alivuta hewa puani, akasema anasikia harufu ya ardhi ya wazalendo. Mimi nilisikia chai.

*

Siku ya sikukuu zulia lilikuwa zima. Mlezi Mkuu akaja, mzee mfupi mwenye kipara na fimbo, akaketi kwenye kiti cha mbele, rais mgeni kando yake. Bi Zumra alipewa nafasi ya kusimama nyuma, karibu na ndoo. Mheshimiwa Kirumbe akasimama, mgongo kwa ukuta, akaanza kusoma hotuba.

Mvua haikuwa kwenye ratiba. Ilikuja mapema na kwa fujo, ikapiga bati, na kwa kuwa hii ilitoka mbinguni, iliikumbuka njia yake ya zamani.

"... chozi hili," waziri alikuwa akisema, "ambalo halitakauka kamwe ..."

Nyuma yake chai ilianza kuteremka. Mipaka ya wakoloni ikaondoka kwanza, ikachuruzika hadi sakafuni. Uhuru ukafuata. Majivu yakamomonyoka, mchicha ukaanguka mafungu mafungu, na kutoka ndani ya ule uchafu likatokea paji la uso, kisha kilemba cha kanga nyekundu, kisha mabega ya mwanamke, kisha mikono, kisha ungo, na juu ya ungo mchele mweupe ukiwa hewani, haujarudi chini.

Waziri aliendelea kusoma. Profesa alifungua kinywa, akakifunga, akakifungua tena, bila kupata maana ya kuweka ndani. Ukumbi mzima ukageuza macho, taratibu, kuelekea kwa Mlezi Mkuu. Yeye ndiye mkubwa. Neno lake lingefunika mengine yote. Nilimwona Bi Zumra ameshika ukingo wa ndoo kwa mikono miwili.

Mlezi Mkuu alikuwa anautazama ukuta. Akainama mbele kidogo. Naapa alikuwa anakaribia kusema jambo. Ndipo tone moja, nene, likamwangukia katikati ya kipara.

Akatazama juu.

"Paa linavuja," akasema.

"Naam!"

"Naam! Hakika!"

Likaandikwa. Muhuri ukapigwa. Waziri ndiye aliyeanza kupiga makofi.

*

Mambo yote yalikwenda vizuri baada ya hapo. Picha ya mama akipeta mchele sasa inaitwa *Paa Linavuja*, na hilo ndilo jina lake kisheria. Profesa Kalokola ameshaeleza kwamba ungo ni paa, punje za mchele ni matone, na mwanamke ni Wizara. Jina la mchoraji halikuweza kuwekwa, maana ilishaandikwa kwamba msanii amejifuta, na serikali haiwezi kumwandika mtu aliyejifuta mwenyewe. Mheshimiwa Kirumbe ameongezewa majukumu, sasa ni Waziri wa Utamaduni, Uzuri, Mifereji na Mapaa. Na paa lenyewe haliwezi kuzibwa, kwa kuwa likizibwa, Neno la Mlezi Mkuu litakuwa uongo.

Kwa hiyo kila mvua inyeshapo maji humteremkia yule mama usoni. Rangi ya mafuta ni imara, lakini plasta chini yake imeanza kuvimba.

Mvua ikitanda, Bi Zumra huja kuushika mwavuli aliouleta siku ya kwanza. Hupanda kwenye kigoda, akausogeza mwavuli juu ya kichwa cha mama yake, akasimama hivyo hadi mvua ikatike. Wageni hudhani naye ni sehemu ya kazi. Humpigia makofi, na Profesa ameongeza sentensi kwamba mwanamke mwenye mwavuli anawakilisha wananchi. Mwavuli umepewa namba ya hifadhi na haruhusiwi kutoka nao, hivyo bibi akiondoka, huenda nyumbani akilowa.

Jana mvua ilikuwa kubwa na hakuna mgeni aliyekuja. Tulikuwa wawili tu.

"Shekue, mwanangu," akasema, "nishikie kidogo. Mkono umeingia ganzi."

Nikapanda, nikaushika. Sasa, mtu aliyeshika mwavuli juu ya ukuta hawezi kutazama vidole vyake vya miguu. Lazima aangalie tone linaangukia wapi. Nikaangalia. Nikaona kilemba, na mashavu, na macho ya yule mama, na nikaona kwamba hayatazami mchele kabisa. Yanatazama mkono. Nikayafuata. Kwenye ncha ya kidole cha shahada palikuwa na kitu kidogo, cha rangi ya dhahabu iliyofifia, kimenata, kinangoja kusomewa kosa lake.

"Ana chuya kidoleni," nikasema.

 Bi Zumra alikaa chini taratibu kwenye kiti cha Mlezi Mkuu, ambacho hakikaliwi, akajifuta macho kwa ncha ya kanga.

"Umeiona?"

"Nimeiona, mama."

Nikageuka haraka kuangalia mlango. Neno la Kwanza likitolewa na Daraja la Pili ni kosa la jinai, na mimi nina watoto, na shemeji. Hapakuwa na mtu. Mvua ilikuwa inapiga bati kwa nguvu zake zote, na mimi, nikiwa bado nimeshika mwavuli, nikalisema tena.